Kikombe Kilichopinduliwa Juu ya Mashine ya Mtihani

Risala ya Darasa la Kabla ya Kazi, iliyosomwa mbele ya Mkurugenzi wa Bodi ya Mitihani siku ya kufungua chumba cha mtihani wa mfumo endeshi wa kompyuta

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi wa Bodi ya Mitihani, Bwana Mkuu wa Kituo, Mwalimu wetu, Bwana Mkaguzi, ndugu, jamaa, na nyote mliokuja kuona kama ni kweli watu wazima wamerudi shule: tunawasalimu kwa heshima, na kwa furaha ambayo hata tukitaka kuificha haifichiki.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeanza kupona tangu iliposikika kwamba unakuja. Kuta zimepakwa rangi. Mlango uliokuwa ukifunguka kwa bega sasa unafunguka kwa kitasa. Feni iliyolala tangu darasa lianze imeamka leo asubuhi, na inazunguka hapo juu kana kwamba haijawahi kuumwa. Tunaomba usiisifie, isije ikavimba kichwa. Mama, ungekuwa unatutembelea kila mwezi, kituo hiki kingekuwa ikulu.

Anayesoma risala hii ni mwenzetu, kinyozi. Alichaguliwa kwa kuwa sauti yake imezoea kushindana na mashine ya kunyolea. Ameagizwa asome kilichoandikwa na asiongeze lake. Ameahidi, ingawa wateja wake wanazijua ahadi zake za "keti tu, wewe ndiye unayefuata".

HISTORIA YA DARASA

Darasa hili lilianzishwa na watu waliochoka kuulizwa kama wana cheti. Kinyozi alikuwa akitengeneza kompyuta za wateja wake wakati wakisubiri zamu, na kila akiomba kazi ya maana, swali ni hilohilo. Mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro, ambaye sote tunamwita Bwana Huenda kwa kuwa hata ukimuuliza jina la mamake atakujibu huenda, alikuwa akiwafundisha wakubwa zake namna ya kuwasha mashine, kisha wao ndio wanaopandishwa cheo. Basi tukakutana hapa, tukampata Mwalimu, tukakubaliana tusome mapema kabla ya kwenda kazini. Wenzetu wakiwa wanapiga mswaki, sisi tunapiga amri kwenye dirisha jeusi la kompyuta.

Kwa faida ya wageni wasioijua kazi hii, mfumo endeshi ndio msimamizi wa nyumba ndani ya kompyuta. Ndio unaojua nani aingie chumba gani, nani asome faili na asiandike, huduma ipi iamke asubuhi na ipi ilale. Na mtihani wake si wa kuchagua jibu A au B. Unakalishwa mbele ya mashine, unaambiwa gawa diski hii, mpe huyu ruhusa, mnyime yule, amsha huduma iliyozimika. Ukimaliza, mtahini anaizima mashine na kuiwasha tena. Kama ulichokitengeneza hakikuamka pamoja nayo, umetwanga maji kwenye kinu. Bwana Huenda alipata sifuri kwenye jaribio la kwanza kwa sababu hiyo hiyo. Kila kitu kilikuwa sawa hadi mashine ilipozimwa, na ilipowaka haikumkumbuka hata yeye mwenyewe. Siku ile hakusema huenda.

Na katika darasa hili yuko Shangazi. Si shangazi wa damu kwa yeyote kati yetu, lakini mtu akikuuliza umekula kabla hajakuuliza habari za asubuhi, utamwitaje? Shangazi amefanya kazi maisha yake yote kwenye chumba cha simu cha hospitali kubwa. Ukipiga pale, sauti iliyokuambia "subiri kidogo, nakuunganisha" ilikuwa yake. Ameunganisha habari za watoto kuzaliwa na habari za misiba, na kila akishaunganisha huvua spika za masikioni na kuziweka mezani, asije akasikia ya watu.

Kisha hospitali ikaleta mtambo mpya, simu zikawa zinajiunganisha zenyewe. Shangazi akaitwa ofisini. Akaambiwa kwamba chumba cha seva kinatafuta mwangalizi, na nafasi ni yake akileta cheti cha mfumo endeshi kabla bajeti mpya haijaanza. Asipoleta, hospitali itamshukuru kwa utumishi wake. Alitusimulia haya akicheka, lakini mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua ncha ya kitenge. Alisema kushukuriwa nako kuna namna yake, na namna ile aliyoiona machoni mwa wale mabwana hakuipenda.

Siku za mwanzo alitupa burudani. Kabla ya kila amri alikuwa ananong'ona "tafadhali", na mashine ikitii, "ahsante". Kinyozi alimcheka hadi akashika mbavu. Shangazi akamwambia kwamba mtu asiyeamkia mashine hashangai ikimnunia. Kesho yake mashine ya kinyozi iligoma kuwaka, na tangu hapo tunasikia minong'ono ya tafadhali hata kutoka kwenye kiti chake.

Haikuwa rahisi kwake, Mama. Ruhusa za mafaili zilimtesa. Tarakimu zile tatu, ya mwenyewe, ya kundi, na ya watu baki, zilikuwa zinamgeukia kila akizishika. Kuna asubuhi alilia. Sote tuliona, na sote tukajifanya tunaiangalia feni, ambayo wakati ule wala haikuwa inazunguka. Nyumbani mumewe, ambaye ni seremala na ndiye aliyetengeneza meza hiyo uliyoegemea, alijitolea kumwuliza maswali wakati wa kula. Anayasoma kitabuni kwa sauti ya hakimu, haelewi hata neno moja, na jibu lolote analopewa anasema umepata. Shangazi alilalamika kwamba mtahini wa namna ile atamharibu. Mzee akajibu kwamba yeye hajaoa mwanamke wa kukosa.

NAMNA TUNAVYOJIFUNZA

Mgeni rasmi, hapa tunaomba usikivu wako, maana jambo lililotokea halieleweki bila hili.

Vitabu vinafundisha kujenga. Mtihani unapima kuponya. Mwalimu wetu aliliona pengo hilo mapema, akatuwekea desturi tunayoiita uganga. Kila jioni mmoja wetu, kwa zamu na kwa siri, anabaki nyuma na kuiharibu mashine moja. Anaweza kuizuia isiwake, au kumnyima mwenye mashine ruhusa ya folda zake mwenyewe, au kubadilisha nenosiri la msimamizi mkuu ili pasiwe na wa kuingia. Akimaliza kuharibu, anachukua kikombe cha chai, anakipindua kifudifudi, anakiweka juu ya mashine. Hiyo ndiyo alama. Asubuhi yake, wa kwanza kufika akikiona kikombe, mgonjwa ni wake.

Uganga una miiko. Hakuna kuuliza nani aliyeharibu. Hakuna kufungua faili za mtu, kwa sababu fundi aliyeitwa kutibu mlango hapekui kabati. Na kikombe hakiguswi wala hakisogezwi mpaka mashine ipone. Ikishapona ndipo mganga anakiinua, anakiweka wima, na kuandika ubaoni "Imepona".

Tumeharibu sana, Mama. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mashine zetu zimefufuka mara nyingi kuliko tunavyoweza kueleza mbele ya Bwana Mkuu wa Kituo, ambaye anazisikia habari hizi leo kwa mara ya kwanza. Bwana Mkuu, mashine zote ni nzima.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni haya. Kinyozi sasa anaweza kuinua mashine iliyokufa huku akieleza kila anachokifanya, na kwa bahati mbaya anaeleza. Bwana Huenda amepitia jaribio la mwisho, mashine ikazimwa, ikawashwa, ikamkumbuka. Aliinuka akamkumbatia Mwalimu, jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitarajia. Hakuna aliyeacha darasa tangu tulipoanza, hata wakati wa mvua, hata mwenzetu muuguzi aliyejifungua katikati ya somo la kugawa diski na kurudi tulipofika somo la mitandao.

Na Shangazi alizishinda zile tarakimu tatu. Siku moja alisema kwamba ni kama chumba cha simu: yuko mwenye nyumba, wako wa nyumbani, na wako wanaopiga kutoka nje, na kila mmoja ana mlango wake. Mwalimu aliacha kuandika ubaoni, akamwomba arudie polepole, naye mwenyewe akayanakili maneno hayo.

CHANGAMOTO

Changamoto tunazo za kawaida. Umeme hukatika tukiwa katikati ya jambo. Viti viwili vina miguu mitatu. Kibodi moja haina herufi ya kati, na anayeikalia lazima aichomekee kijiti. Haya tutayavumilia, na Mzee seremala ameshatuahidi miguu.

Changamoto kubwa ni ile ambayo wewe, Mama, umeandikiwa. Tunaijua sentensi uliyoandikiwa, kwa sababu ilibandikwa mlangoni: kwamba mtahiniwa mmoja aliingia kwenye mashine ya mtihani kabla ya siku yake na kuivunja kinga. Kila neno la sentensi hiyo ni kweli. Tunaomba tu utuache tuisimulie kwa urefu wake.

Bwana Mkaguzi wa bodi alikuja jioni kuandaa mashine za mtihani. Chumba cha mtihani kilikuwa mikononi mwa mafundi umeme, nyaya zinaning'inia, basi akaileta mashine moja ndani ya darasa letu, akaiweka pale karibu na dirisha penye soketi nzuri. Aliifunga kwa nenosiri la bodi. Akabandika juu yake kikaratasi kisemacho MASHINE YA MTIHANI, USIGUSE. Kisha, akiwa mtu msafi aliyelelewa vizuri, akaosha kikombe alichonywea chai, na ili kisiingie vumbi, akakipindua. Akakiweka juu ya mashine. Juu ya kikaratasi.

Mahali pale karibu na dirisha ndipo anapokaa Shangazi. Na aliyefika wa kwanza asubuhi ni Shangazi.

Aliona kikombe. Moyo wake ukafurahi, maana kwa wiki nzima alikuwa akifika na kukuta wengine wameshawahi wagonjwa. Mashine ilikuwa mpya, akadhani Mwalimu ameleta mashine mpya kwa ajili ya uganga mkubwa wa mwisho. Akaiwasha. Ikamwomba nenosiri. Akajaribu lile tunalotumia sote, ikamkatalia. Akasema tafadhali, ikamkatalia. Basi Shangazi akakunja mikono ya blauzi, akaizima, akaiwasha kwa njia ya dharura tuliyofundishwa, ile ya kuukamata mfumo kabla haujaamka vizuri. Akapata mlango wa nyuma, akaweka nenosiri jipya la msimamizi mkuu, akaifungulia mashine kila palipofungwa, kisha akaizima na kuiwasha tena ili ahakikishe kazi imeamka nayo. Ikaamka. Hakufungua folda hata moja, na hata angefungua asingekuta swali, maana maswali huja na watu wa bodi siku yenyewe, kama Bwana Mkaguzi alivyokwisha thibitisha.

Mashine ilipopona ndipo alipoinua kikombe, kwa mujibu wa mwiko. Chini yake akakiona kikaratasi, kimelowa, kina duara la maji. Akakisoma. Akacheka peke yake. Alidhani aliyeharibu ni mtu wa mzaha, na alikuwa na uhakika ni kinyozi. Akaenda ubaoni akaandika "Imepona" kwa herufi kubwa.

Sisi tulipofika tulimkuta amekaa kama bibi harusi. Nyuma yetu akaingia Bwana Mkaguzi, akaenda moja kwa moja kwenye mashine, akaitazama, akatazama kikombe kilichokuwa wima. Akauliza nani aliyeigusa. Tukatazamana sote, isipokuwa mtu mmoja. Shangazi alinyoosha mkono juu, akitabasamu.

"Ni mimi," akasema. "Na aliyeiharibu nampa hongera. Amenitoa jasho."

Bwana Mkaguzi alitoa fomu na kalamu. Kinyozi aliinama kama aliyeangusha sindano. Shangazi akatutazama mmoja mmoja akitafuta nani atakayeanza kucheka, hakumpata, na tukauona uso wake ukielewa. Mkono ulikuwa bado uko juu. Mwalimu ndiye aliyemwendea akaushusha polepole.

Hatumlaumu Bwana Mkaguzi. Kanuni ya bodi inasema anayegusa mashine ya mtihani kabla ya siku yake anasimamishwa mwaka mzima, na yeye ameajiriwa kusimamia kanuni. Alituambia jambo moja tunalolirudia hapa kwa idhini yake. "Nimeandika nilichokiona," alisema. "Kwa nini alifanya, fomu haikuniuliza." Tangu siku ile kikombe kile hakitumii, anakuja na chupa. Nasi tumeiacha alama ya kikombe. Sasa mashine iliyoharibiwa tunaivisha kofia ya kinyozi. Ndiyo maana leo vikombe vyote kwenye sinia yako vimewekwa wima, Mama. Wapishi walitaka kuvifunika vizuri, tukawazuia.

Lakini mwaka mmoja, Mgeni rasmi, kwa wengi wetu ni mwaka. Kwa Shangazi ndio kazi yenyewe. Bajeti mpya haitamsubiri, na chumba cha seva kitapata mtu mwingine. Mtihani ni keshokutwa, na jina lake halimo.

Naye bado anakuja. Hajakosa asubuhi hata moja. Anakaa kiti cha nyuma, mbali na dirisha, anatusikiliza tukijiuliza maswali, na mtu akikwama anamnong'oneza aanzie wapi. Jana Bwana Huenda alimwambia kwamba huenda mambo yatakuwa mazuri. Shangazi akamshukuru, akamwambia achomeke waya wake vizuri. Mzee seremala anasema nyumbani bado wanaulizana maswali wakati wa kula, na bado kila jibu anasema umepata.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kamati ilipokaa kuandika sehemu hii iligombana. Wengine walitaka tupige magoti. Kinyozi alitaka tutishe kwamba sote hatutafanya mtihani, na tukamkumbusha kwamba yeye ndiye mwenye haraka ya cheti kuliko wote. Mwishowe tukamwita Shangazi mwenyewe, tukamwuliza tuombe nini.

Alifikiri kidogo, akasema hivi: "Msiniombee huruma. Mimi nina mashine ya mtu mkononi, na sijaikabidhi."

Hapo ndipo tulipotambua tulichokisahau. Uganga una mwiko mmoja wa mwisho, ambao ni mkubwa kuliko yote, nao ni kukabidhi. Anayeponya mashine husimama mbele ya mwenye mashine na kumweleza kwa kinywa chake: ugonjwa ulikuwa nini, dawa niliyotumia ni ipi, na nimebadilisha nini ndani ya nyumba yako. Kisha humnong'oneza sikioni nenosiri jipya, ili mwenye mashine aingie kwake, alibadilishe, na mganga abaki hana ufunguo wa nyumba isiyo yake. Kabla ya kukabidhi, Mwalimu hahesabu kazi. Anasema fundi asiyeweza kueleza alichofanya kwenye mashine ya mtu hana tofauti na mwizi aliyefanya hivyohivyo.

Mashine ile ilifungwa utepe siku ileile, ikawekwa kabatini kwa Bwana Mkuu, na ikaamriwa asiiguse mtu mpaka ufike. Leo iko hapo mezani kwako, ndiyo hiyo iliyofunikwa kitambaa cheupe. Mafundi wa bodi wanaweza kuifungua wakati wowote kwa njia ileile aliyotumia yeye. Lakini hadi dakika hii mtu mmoja tu duniani anajua nenosiri lake, na tangu siku ile hakuna aliyemwuliza. Ameulizwa aligusa au hakugusa. Ameulizwa alikiona kikaratasi au hakukiona. Hajaulizwa alifanya nini na alikifanyaje, na nani alimtuma. Mwanamke aliyevua spika maisha yake yote ili asisikie ya watu, ameandikwa mlangoni kama mtu aliyeingia kwa watu kuiba.

Linatuuma, Mama, na tunalisema wazi kwa kuwa risala hupewa mtu ili aambiwe. Tunampenda mwenzetu huyu. Tunataka keshokutwa akae karibu na dirisha pamoja nasi, anong'one tafadhali yake, na apate au akose kwa mikono yake.

Kwa hiyo maombi yetu ni haya.

La kwanza, feni ibaki hata ukishaondoka.

La pili, ile kibodi ipate herufi yake.

La tatu, tunaomba utepe wa mashine hiyo ukatwe sasa hivi, kabla ya utepe wa chumba, na wewe kama mwenye mashine uipokee. Msikilize akikukabidhi. Mkatize utakavyo, mwulize lolote, hata la kumchanganya. Ukiridhika kwamba uliyemsikia ni fundi, jina lake liko mikononi mwako. Ukimwona ni mwizi, tutaikubali hukumu, nasi tutamsindikiza hadi mlangoni kwake. Mume wake ameomba tuseme kwamba yeye haogopi swali lolote utakalouliza, ingawa majibu hatayaelewa.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, kinyozi amefika mwisho na hajaongeza neno, jambo ambalo litazungumzwa kwenye saluni yake kwa muda mrefu. Tunakushukuru kwa masikio yako. Mwenyezi Mungu akupe afya, akuepushe na umeme wa kukatikakatika, akulindie nyumba yako na wote waliomo, na kila unachokitengeneza kiamke tena kila kinapowashwa.

Shangazi ameshasimama. Amevua miwani, ameivaa tena. Tunaomba mumpishe afike mbele.

Ni sisi,
watahiniwa wa Darasa la Kabla ya Kazi,
sote, na Shangazi akiwemo.